Zamu ya Pwani sawa, lakini zamu ya kufanya kazi gani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, na ukiona imekuwa ndefu basi usiikate kichwa, kata mkia.

Hapa kwetu Kisauni, pale barazani kwa muuza kahawa, siku hizi hapana habari ya mpira wala bei ya unga, habari ni moja tu, 2027 nani atakuwa mgombea mwenza wa nani. Rais Ruto atambakisha naibu wake Kindiki ama atambadilisha, upinzani utasimamisha nani na huyo atakayesimama atamshika nani mkono. Kila mtu ana jina lake mfukoni. Wazee wanasema safari hii ni zamu ya Pwani, vijana nao zamu ya Pwani, hata yule jamaa wa mahamri ambaye siku ya kura huwa analala mpaka adhuhuri naye anasema zamu ya Pwani. Na hesabu yao si ya uongo. Tangu uhuru tumekuwa na makamu wa rais kumi, kuanzia Oginga Odinga mpaka Kalonzo Musyoka, alafu kwa katiba mpya wakaja manaibu rais watatu, Ruto, Gachagua na Kindiki, jumla watu 13, na ndani ya hao 13 hakuna hata mmoja wa Pwani. Hakuna hata mwanamke mmoja vilevile, lakini hilo pale barazani halisemwi sana.

Mimi peke yangu ndo nilibisha na nikaambiwa nimenunuliwa. Sijanunuliwa Mhariri, njoo uone mfuko wangu. Nilichouliza ni kitu kimoja tu, zamu ya Pwani sawa, lakini zamu ya kufanya kazi gani? Hapo watu wakaanza kutazama vikombe vyao.

Manake tukisema ukweli wengi wetu bado tunamuona naibu rais kwa macho ya zamani. Zamani rais alikuwa anaokota makamu wake kutoka kwa wabunge, akimpenda anamuweka, akimchoka anamtoa. Moi baada ya uchaguzi wa 1997 alikiacha kile kiti kitupu zaidi ya mwaka, mpaka Aprili 1999 ndo akamrudishia Saitoti, na nchi ikaendelea kulala na kuamka, watu wakachukulia kwamba basi kumbe hata asipokuwepo hakuna lolote. Katiba ya 2010 ikaja ikabadilisha. Saa hii mgombea urais lazima aje na mwenzake kwenye karatasi, kura moja inawachagua wote wawili, na rais akiamka vibaya asubuhi hawezi kumfuta kazi naibu wake kama anavyomfuta waziri. Na kubwa zaidi ni hili, kiti cha rais kikibaki wazi naibu anakikalia mpaka muhula uishe, hakuna kurudi kwa wananchi kuuliza. Ikiwa rais atafariki mwaka wa kwanza basi huyu mliyemchukua kama nyongeza ya mboga atawatawala miaka minne.

Haya, mtu wa kazi kama hiyo tunamtafuta vipi? Tukumbuke 2022 manake sisi wasahaulifu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilitaka majina ya wagombea wenza mwisho wa Aprili, wakubwa wakalia muda hautoshi, siku ikasukumwa mpaka 16 Mei, na bado wakangoja mlango uanze kufungwa. Ruto akamtangaza Gachagua Jumapili tarehe 15 kule Karen, Nairobi, baada ya wabunge wa Mlima Kenya kuvutana usiku kucha, na habari zilizovuja humo ndani zilisema wengi wao walikuwa wanamtaka Kindiki. Raila akamtangaza Martha Karua kesho yake, siku ya mwisho kabisa, pale KICC. Uchaguzi ulikuwa 9 Agosti. Hizo ni wiki 12. Huku kwetu mtu akija kuposa binti ukoo wake unachunguzwa muda mrefu kuliko huo, na pengine anakataliwa.

Upande wa Azimio, muungano wa Raila, angalau waliweka jopo la watu saba chini ya Noah Wekesa, wakawa wanaita watu kwa intavyuu. Kalonzo mwanzo akasusa, akaona ni dharau mtu aliyekuwa mgombea mwenza 2013 na tena 2017 kuketishwa kwenye kiti aulizwe maswali kama anatafuta kazi ya ukarani, alafu akaenda, alafu alipokosa akatangaza anawania urais mwenyewe na mgombea mwenza wake ni Andrew Sunkuli, alafu akarudi Azimio. Joho wetu, gavana wa Mombasa wakati huo, naye alitajwa sana, mwisho Raila akasema akishinda atampa wizara ya Ardhi, na siku hiyo hapa barazani kahawa haikunyweka. Mimi ile intavyuu wenzangu waliicheka lakini niliipenda. Kasoro yake ni kwamba iliulizwa ndani kwa ndani, sisi huku tuliona watu wakiingia na suti na kutoka na suti.

Nafasi pekee tuliyopata kuwasikia hao watu wakiulizwa ni ule mdahalo wa Julai 19, Gachagua na Karua uso kwa uso, na kabla yao Justina Wamae na Ruth Mutua, wagombea wenza wa vyama vidogo. Na tazama mambo yalivyo, wiki iliyofuata kwenye mdahalo wa urais Raila hakutokea, Ruto akasimama peke yake. Kwa hivyo mwaka ule wagombea wenza wa miungano miwili mikubwa ndo walikubali kujibizana mbele ya watu, mabosi wao hawakukutana. Niliutazama kwa jirani manake stima kwangu ilikuwa imekwisha tokeni, na nakumbuka jinsi kila mtu pale chumbani alikuwa anashangilia matusi, majibu hayakuwa na mwenyewe.

Sasa hoja kubwa ya barazani ni kwamba mgombea mwenza analeta kura. Ati ni kapu, ukimchukua wa sehemu fulani umebeba kapu la sehemu hiyo lote. Haya tulifungue hilo kapu. Karua ni wa Kirinyaga, ubunge wa Gichugu alikaa nao miaka 20, ni mwanasiasa anayejulikana nchi nzima, na Mlima ukampigia Ruto. Ukija Ukambani, Kalonzo hakuwa kwenye tiketi safari hiyo, na Kitui, Machakos na Makueni zikampigia Raila vilevile. Ina maana aliyekuwa kwenye tiketi hakuleta, na asiyekuwa kwenye tiketi akaleta. Sisemi Gachagua hakusaidia, alisaidia, alizunguka kila soko na Kikuyu chake kile kitamu, lakini Mlima ulikuwa umeshamhama Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo aliyekuwa upande wa Raila, kabla yeye hajatajwa kwenye karatasi yoyote. Najua kwa nini wanaogopa, Ruto alipita na asilimia 50.49 na Raila 48.85, tofauti ni kama kura 233,000 tu, na kwa hesabu nyembamba hivyo hakuna anayetaka kupoteza hata kijiji. Lakini woga si hesabu.

Na hapa ndo nataka watu wa zamu ya Pwani wanisikilize. Gachagua alipoingia ofisini akaanza kusema serikali ni kampuni na kila mtu atakula kulingana na hisa zake. Ilinikera sana, manake sisi Pwani tuliompigia Raila tulikuwa na hisa gani, basi tukalale njaa? Alilaumiwa na kila mtu. Lakini mimi najiuliza, hiyo hesabu ya hisa nani alimfundisha? Yeye mwenyewe aliingia kama hisa. Hakuna aliyemuuliza atafanya nini akiwa naibu, aliulizwa analeta ngapi. Mtu uliyemuajiri kwa sababu ya mzigo aliobeba kichwani, kesho akianza kuhesabu mzigo wake mbona unashangaa?

Alafu walivyomtoa. Bunge 8 Oktoba 2024 kura 281 kwa 44. Seneti 17 Oktoba, mashtaka 11, wakasema matano yamesimama, mwenyewe yuko hospitalini. Kesho yake tu jina la Kindiki likasomwa Bungeni na siku hiyo hiyo likapitishwa kwa kura 236, mahakama ikasimamisha kidogo, tarehe 1 Novemba akaapishwa. Yule yule Kindiki aliyekosa Karen 2022 mpaka akasema anapumzika siasa za kura, akaingia kwa mlango wa nyuma bila mpiga kura hata mmoja kumtia alama kwa nafasi hiyo. Sina ugomvi naye, ni msomi na mtulivu. Na sheria ilifuatwa, ama basi wanasheria wanaendelea kubishana. Ninachosema ni kwamba ikiwa mtu wa Mlima, kapu kubwa kuliko yote, alitolewa hivyo kwa muda wa mwezi, huyu wa Pwani tutakayempigania mpaka tugombane na wake zetu atatolewa kwa muda gani? Atatolewa baina ya adhuhuri na alasiri.

Nikarudi kwenye swali langu la kazi. Barazani hakuna aliyejua, na mimi pia nilikuwa sijui mpaka mpwa wangu anayesoma chuo aliponieleza, kwamba naibu rais ndo mwenyekiti wa lile baraza linaloketi magavana na serikali kuu kuzungumza bajeti na pesa za kaunti. Imeandikwa kwenye sheria ya fedha za umma ya 2012. Zaidi ya hapo ni yale rais atakayomtuma, Gachagua alitumwa mambo ya kahawa, majani chai, maziwa na pombe haramu. Sasa Mhariri fikiria, sisi Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu, Taita Taveta na Mombasa tunaolia kila mwaka pesa za kaunti zimechelewa, wauguzi wamegoma, hatujawahi hata siku moja kuuliza yule anayeketi kiti cha mbele kwenye hicho kikao anajua kusoma bajeti ama anajua kuimba tu jukwaani.

Na mtu akiniambia hayo ya kurithi kiti hayatokei nitampeleka kaunti moja moja. Nyeri mwaka 2017 peke yake walizika magavana wawili. Nderitu Gachagua, ndugu yake huyu Rigathi, alifariki Februari, naibu wake Samuel Wamathai akashika. Agosti wakamchagua Wahome Gakuru, Novemba akafa kwa ajali barabarani, naibu wake Mutahi Kahiga akashika. Bomet, Joyce Laboso alifariki Julai 2019, Hillary Barchok akashika. Kiambu, Waititu akatolewa Januari 2020, James Nyoro akashika. Nairobi ndo sinema, naibu gavana Igathe alijiuzulu Januari 2018 kabla hata hajamaliza nusu mwaka, gavana Sonko akakaa bila naibu karibu miaka mitatu, akatolewa Desemba 2020 na ikabidi spika ashike, alafu Anne Kananu akaapishwa kuwa naibu Januari 2021, na kufika Novemba ni gavana kamili. Jiji lile lote likaongozwa na mtu ambaye 2017 jina lake halikuwa kwenye karatasi ya ugavana.

Wenzetu wa Tanzania nao tuwatazame manake ni majirani na ndugu zetu. Kule zamu imeandikwa kabisa kwenye katiba, rais akitoka Bara makamu atoke Zanzibar, akitoka Zanzibar makamu atoke Bara, na tangu 1995 wanapigiwa kura pamoja kama mgombea na mgombea mwenza. Uzito wake waliuona mapema, 2005 mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kura ya 30 Oktoba na uchaguzi mzima wa rais wa Muungano ukasogezwa mpaka 14 Desemba. Hata katiba yetu hapa inasema mgombea mwenza akifariki kabla ya siku ya kura uchaguzi wa rais unafutwa na unaitishwa upya, jambo ambalo nikilisema barazani naambiwa nimelitunga. Alafu 2015 Magufuli akasimama na mama Samia. Hapa Mombasa watu waliuliza ni nani huyo, wakaona amewekwa kujaza nafasi ya Zanzibar na ya wanawake kwa mpigo mmoja. Hawakujua kwamba alishakuwa waziri wa mambo ya Muungano na makamu mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba. Usiku wa 17 Machi 2021 ndo yeye aliyetokea kwenye tivii kutangaza msiba wa Magufuli, na tarehe 19 ni rais. Usiku ule barazani kwetu watu walikaa kimya, hata wale waliomcheka 2015. Mtu anaweza kumpenda ama asimpende, hiyo ni habari ya Watanzania na kura zao, lakini kwamba ile nafasi haikuwa ya kujaza pengo nadhani hakuna tena anayebisha.

Niruhusu nikueleze jambo la kwetu wenyewe kidogo. Tuna chama cha kuzikana hapa mtaani, watu kama 60. Mwenyekiti wetu ni mtu mzuri. Naibu wake tulimchagua kwa sababu ni wa upande wa Mtopanga na watu wa Mtopanga walikuwa wanatishia kujitoa waanzishe chao. Hakuna aliyemuuliza kitu, tulipiga makofi tukala biriani. Mwaka jana mwenyekiti akasafiri umra, na katikati ya safari akafiwa mwenzetu siku ya Ijumaa asubuhi. Pesa zipo benki, karibu laki mbili. Naibu akaambiwa haya ami twende ukatie saini, kumbe saini yake haijawahi kupelekwa, hata kitambulisho chake hawana, na daftari la michango akalishika juu chini. Maiti imeoshwa, watu wanangoja, na sisi tunapitisha kofia msikitini kukusanya pesa ya sanda na ya gari la kwenda makaburini, chama kina laki mbili! Yule mzee wa watu hakuwa na kosa, wallahi, alilia mbele yetu akasema nyinyi mliniita nije kuwa wa Mtopanga, hamkunambia kuna kazi.

Ndo maana nikabisha. Kijana mmoja akaniambia, "Ami, wewe unataka cheti, sisi tunataka mtu wetu." Nikamwambia mwanangu mimi pia nataka mtu wetu, nimeutaka huo uwakilishi kabla hujazaliwa, lakini huyo mtu wetu akija nataka aje na kazi yake mkononi asije na kabila lake mkononi. Akaguna.

Kwa hivyo kwa wanaotafuta kura zangu 2027, wa serikali na wa upinzani, mimi ombi langu si jina. Mtajeni mtu wenu mapema, msingoje jioni ya siku ya mwisho kama wanafunzi wa kujaza fomu. Akiitwa kwa intavyuu basi iwekwe kwenye redio sisi sote tusikie, hata kama ni Kalonzo ama Joho ama Karua. Na yale mnayokubaliana usiku yaandikwe na yawekwe wazi. Msiniambie haiwezekani manake kuandika mnajua, mkataba wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, uliandikwa mpaka asilimia 30 ya serikali iende kwa vyama vya ANC na Ford Kenya, mliposhindwa ni kuandika naibu rais atafanya nini Jumatatu asubuhi. Na Bunge likitaka kumtoa mtu tuliyempigia kura pamoja na rais, basi huyo wa kuchukua nafasi yake asipitishwe siku moja kama ankara ya maji, akae mbele yetu wiki mbili tatu aulizwe.

Kama kuna chama kitamleta mtu wa Pwani aliyepitia hayo, mimi nitamfungia bendera kwenye baiskeli yangu bila kulipwa. Na kama aliyepitia hayo ni mama wa Turkana ama mzee wa Busia, nitamfungia hivyo hivyo, na hapo najua nimejitafutia kukosa kahawa mwezi mzima.

Jumapili chama chetu kinachagua naibu mwenyekiti upya. Tumekubaliana kila anayetaka asome daftari mbele ya wanachama, ukurasa mmoja kwa sauti, na alete kitambulisho kabisa. Watu wa Mtopanga wameshaanza kununa.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa.